Kisa cha skopu ya shemeji: tareti zinazunguka, lakini je zinapima?

Jumapili moja shemeji alinipigia simu, hata salamu hakumaliza, akasema "shem, bunduki imekufa." Nikamuuliza imekufaje, haipigi? "Inapiga, ila haipigi ninapoangalia." Nikacheka, yeye hakucheka, nikajua hela imeshamwagika sehemu.

Shemeji ni dereva wa malori, anaishi Fort Worth, Texas. Kabla ya kuja huku alikuwa fundi mwashi Tanga miaka mingi, na hilo la uashi nalitaja mapema kwa sababu ndo lilikuja kutuokoa. Bunduki yake ni ya kaliba ya 6.5 Creedmoor, kanunua dukani kihalali, grini kadi anayo, karatasi zote safi. Uwindaji haumvutii sana, anachotaka ni kupiga mabamba ya chuma kwa mbali. Kuna kiwanja kikubwa cha shabaha karibu na Raton, New Mexico, kinaitwa Whittington Center, pale wameweka nyati mweupe wa chuma, ukubwa wa nyati wa kweli, umbali wa yadi 1,123, na mwamba alikuwa amejiapiza kwamba lazima amgonge yule nyati kabla mwaka haujaisha.

Sasa shida yake ilikuwa hivi. Kwenye yadi 100 bunduki inakusanya risasi vizuri tu, tano unazifunika kwa sarafu. Akienda yadi 600 anakosa bamba. Akirudi 100 kuangalia, risasi haziendi tena pale zilipokuwa asubuhi. Anaziroisha upya, yaani anairekebisha ipige pale anapoangalia kwa yadi 100, anaenda 600, anakosa, anarudi, ziro imehama tena. Kwanza akalaumu risasi, akanunua aina tatu tofauti, na boksi la risasi 20 za mashindano lilikuwa dola thelathini na kitu, piga hesabu mwenyewe. Halafu akalaumu mtutu kwamba umeisha, mtutu ambao haujapiga hata risasi 400. Mwisho akaanza kujilaumu yeye, eti mkono unatetemeka kwa sababu ya kahawa ya barabarani.

Nilipomwambia tuanze na skopu, ile darubini ya kulengea iliyo juu ya bunduki, akanuna kidogo, maana skopu ndo kitu alichokuwa anajivunia kuliko bunduki yenyewe. Zumu 6 mpaka 24, lenzi ya mbele milimita 50, taa nyekundu na ya kijani ndani, tareti, yaani vile vifundo vya kuzungusha kurekebisha shabaha, ni kubwa na zimechongwa meno kama kifuniko cha soda, na boksi lina maneno ya kijeshi kila upande. Dola 140 mtandaoni. Jina la kampuni silitaji, wala halisaidii kitu, maana zipo za namna hiyo nyingi na zinabadilishwa majina kila msimu.

Tukaenda renji, kiwanja cha shabaha, nikakaa nyuma yake na darubini ya kusimamisha, nikamwambia fanya kama kawaida yako, mi naangalia tu. Bamba la duara, upana inchi 18, yadi 600. Upepo unatoka kushoto, tukakadiria maili 10 kwa saa. Programu ya balistiki kwenye simu, ile ya kukokotoa njia ya risasi, ikasema panda MOA 13 kwa kuzungusha tareti, na upepo shikilia mili 0.9, yaani lenga pembeni kiasi hicho (MOA na mili ni vipimo vya pembe, naja kuvieleza). Akazungusha kliki 52, kila kliki robo MOA, nahesabu naye kwa sauti kama tunahesabu matofali. Kisha akaweka zumu 20, akashika karibu doti moja ya ndani ya skopu kuelekea upepo unakotoka, akafyatua. Vumbi likaruka kulia kwa bamba, chini kidogo. Ya pili palepale. Ya tatu palepale! Hapo nikajua mkono hauna shida, maana mtu anayetetemeka hakosi sehemu moja mara tatu.

Angalieni vitu viwili hapo, kwanza programu ilimpa namba mbili za lugha mbili. Kupanda kwa MOA, upepo kwa mili. Kwa nini? Kwa sababu tareti za ile skopu zinahesabu kwa MOA, lakini mistari ya ndani, yale madoti, yamepangwa kwa mili. Ni sawa na fundi mwenye futi kamba ya inchi na ramani ya sentimita, nyumba itasimama ila atatukana kila ukuta. MOA moja ni sehemu ya 60 ya digrii, kwa yadi 100 inakuwa inchi 1.047. Mili moja ni sehemu moja ya elfu ya umbali, yaani kwa mita 100 ni sentimita 10, kwa yadi 100 ni inchi 3.6. Mili moja ni MOA 3.44 hivi. Kwahiyo ukiona kwenye madoti umekosa kwa mili 0.5 huwezi kuzungusha moja kwa moja, inabidi uzidishe kichwani, na jua liko utosini na jamaa wa benchi ya pili wanapiga kelele. Watu wanabishana sana kipi bora, mili au MOA, mi naona huo ubishi ni wa kupoteza muda. Chagua unachotaka, ila tareti na mistari ya ndani viongee lugha moja, basi.

Kitu cha pili ni kibaya zaidi. Skopu yake ilikuwa ya fokali ya pili, yaani ukivuta zumu picha inakua lakini mistari inabaki ileile. Sasa kwenye skopu za hivyo madoti yanasema ukweli kwenye zumu moja tu. Nikamuomba kile kijikaratasi kilichokuja na boksi, kumbe hajawahi kukifungua, tukakisoma: madoti yamepimwa kwa zumu 10. Yeye anapigia kwenye 20. Kwenye 20 pengo la doti na doti ni nusu mili tu, kwahiyo alivyodhani ameshika 0.9 alikuwa ameshika 0.45. Upepo ule kwa yadi 600 unaisukuma risasi yake kama inchi 20, yeye alikuwa anarudisha kumi tu, zilizobaki kumi zinamtoa nje ya bamba ambalo kutoka katikati mpaka ukingo ni inchi 9. Akanyamaza kimya kabisa. Akasema "kwahiyo miezi yote hii nilikuwa nakosa kwa ufundi." Nikamwambia kabisa shem, kwa ufundi wa hali ya juu.

Lakini hiyo inaeleza kulia, haielezi chini, na wala haielezi ziro kuhama. Hapo ndo uashi ukaingia.

Wiki iliyofuata tukarudi tukiwa na ubao mrefu, futi kamba, na timazi yake ya shaba aliyotoka nayo Tanga, mzee wake ndo alimpa. Kitu cha kwanza shemeji alichofanya ni kukataa kuamini kibao cha yadi 100. Akapima ardhini kwa futi kamba, kipande kwa kipande, ikatoka yadi 101 na zaidi kidogo, akasogeza ubao. Mi ningeamini kibao. Kisha akatundika timazi juu ya ubao, uzi ukatulia, akapiga mstari kwa maka peni kufuata uzi, akaweka alama moja juu, akashuka inchi 31.4, akaweka nyingine. Hizo ni MOA 30 kamili kwa yadi 100.

Skopu tukaivua kwenye bunduki, tukaifunga kwenye kipande cha reli, kile chuma cha kukalishia skopu, kilichobanwa na vaisi nzito juu ya meza ya zege. Hakuna risasi hata moja hapo, na ndo uzuri wa jaribio hili, halili hela. Msalaba ukae kwenye alama ya juu, halafu zungusha tareti kupanda. Wengi wanashangaa hapa, ukizungusha kupanda msalaba unashuka, ni sawa kabisa, maana ili uurudishe kwenye shabaha itabidi uinue mtutu. Tukapanda kliki 120, ambazo ni MOA 30. Msalaba ulitakiwa ukae juu ya alama ya chini. Haukufika. Tukapima, umeshuka inchi 29.8. Pungufu ya asilimia 5. Na kingine, ulivyokuwa unashuka ulikuwa unauacha mstari wa timazi polepole kwenda kushoto, kama ukuta uliojengwa na mtu mwenye haraka.

Tukarudisha kliki 120. Msalaba haukurudi kwenye alama. Ukabaki chini kidogo, shemeji akagonga bomba la skopu kwa mpini wa bisibisi, tak, msalaba ukaruka ukapanda juu huku tunaangalia! Hapo akakaa chini kwenye kiti.

Ndani ya skopu kuna bomba dogo linaloelea ndani ya bomba kubwa. Skrubu ya tareti inalisukuma bomba dogo upande huu, springi inalisukuma upande ule. Kila kliki ni jino moja la gurudumu linaloizungusha skrubu. Sasa springi ikiwa legevu, au nyuzi za skrubu zimechongwa hovyo, wewe unasikia kliki vizuri kabisa lakini bomba limekwama njiani, halisogei mpaka bunduki ipige teke. Kliki ni sauti tu. Unaweza kutengeneza kliki tamu kwa senti chache, bomba kutembea sehemu ya kumi ya mili kila mara na kurudi palepale ndo kazi yenye gharama, na hiyo ndo unalipia.

Kwa mtu anayepiga yadi 200 porini na hagusi tareti baada ya kuziroisha, ile skopu ya dola 140 ingemfaa kiasi. Asilimia 5 ya kitu kidogo ni kidogo zaidi. Ila kwa yadi 1,000 risasi yake inashuka kama inchi 300 kutoka kwenye ziro ya yadi 100, na asilimia 5 ya 300 ni inchi 15. Halafu ongeza upepo.

Na hii hamu ya kupima kupanda na kushuka si kitu cha juzi. Jina lenyewe Creedmoor limetoka kwenye kiwanja cha shabaha kilichokuwa Long Island, New York, ambako mwaka 1874 Wamarekani walishindana na timu ya Ireland kwa yadi 800, 900 na 1,000, wakashinda kwa pointi 934 kwa 931. Hawakutumia lenzi. Walikuwa na vilengeo vya chuma vya kupanda na kushuka nyuma kwenye shingo ya kitako, vimechorwa vipimo vya vernia kama kalipa ya fundi, unasoma namba unaiandika kwenye daftari. Tareti ni mjukuu wa kile kilengeo. Risasi ya 6.5 Creedmoor ilikuja baadaye sana, Hornady waliitoa 2007.

Haya, kununua sasa. Shemeji akatenga dola 1,200 kwa kila kitu, skopu, ringi (zile pete za kuishikia), reli, na chochote kitakachotokea. Wenzake wa kazini wakaanza, mara chukua yenye zumu 40, mara chukua yenye milimita 56, mara hiyo hela ongeza mara tatu uchukue Nightforce ATACR au Schmidt & Bender ulale usingizi. Hao wa mwisho hawajakosea, zile ni skopu za watu wanaozitegemea kwa kazi, ila shemeji ana watoto watatu na dada yangu ana kauli yake nyumbani.

Zumu kubwa nikamkatalia. Chukua kipenyo cha lenzi ya mbele gawa kwa zumu, unapata upana wa ule mwanga unaoingia jichoni: 50 gawa kwa 25 ni milimita 2. Kwa 40 unabaki na kama moja na robo, picha inakuwa giza, jicho likisogea nywele moja unaona weusi, na joto likipanda kutoka ardhini bamba linacheza kama liko chini ya maji. Watu wengi wanaopiga mbali unakuta zumu yao iko kati ya 12 na 18 muda mwingi hata kama skopu inafika 25. Unataka kuona risasi yako imeangukia wapi, na kwenye zumu kubwa teke la bunduki linakutoa kabisa kwenye picha.

Fokali ya kwanza hilo halikuwa na mjadala baada ya yaliyomkuta. Mistari inakua na kupungua pamoja na picha, mili moja inabaki mili moja kwenye zumu yoyote. Ubaya wake kwenye zumu ndogo mistari inakuwa myembamba kama uzi wa buibui, ila yeye hapigii zumu ndogo. Na tareti za mili 0.1 kila kliki, mistari ya mili. Kichwa kipumzike.

Kitu ambacho watu wengi wanakiruka ni safari ya tareti, yaani jumla inaweza kupanda kiasi gani. Shemeji alikuwa ameshaanza kuipenda skopu moja, Vortex Viper PST ya kizazi cha pili, 5-25x50, bomba la milimita 30. Jumla ya safari yake ni MOA 70, sawa na mili 20 hivi. Ukisoma hivyo unaona nyingi. Lakini skopu ukiifunga kwenye reli iliyonyooka ziro yako inakaa karibu na katikati, nusu ya safari inaenda chini ambako huendi kamwe. Unabaki na mili 10. Yule nyati wa yadi 1,123 kwa hewa ya Fort Worth programu inadai mili 10.2. Umeona? Unafika mwisho wa tareti na nyati bado anakudai! Dawa ni reli yenye mteremko wa MOA 20, imechongwa nyuma juu kidogo kuliko mbele, hiyo inakurudishia mili 5.8, unakuwa na karibu 16 za kupanda na karibu 4 chini za kuziroishia. Reli ya hivyo haizidi bei ya tairi bovu. Njia nyingine ni kwenda bomba la milimita 34 ambalo kwa kawaida lina nafasi zaidi ndani, au Leupold Mark 5HD ambayo bomba lake ni 35, ila hapo hata ringi za kuazima hupati, lazima ununue za kipimo chake.

Nilimpigia debe sana SWFA ya 10x42, zumu moja tu isiyobadilika, bei rahisi, na sifa yake ni moja, tareti zinatembea kweli. Kwa roho yangu ya ubahili hiyo ndo ilikuwa jibu. Tukaiweka mezani tukahesabu: mzunguko mmoja wa tareti yake ni mili 5. Nyati kwa hewa nyepesi ya kule Raton yuko mili 9 na kitu, kwahiyo uko karibu kumaliza mzunguko wa pili, na haina kizuizi cha ziro. Shemeji akasema "shem, mi nalala kwenye lori, nikiamka sijui hata niko jimbo gani, unataka nikumbuke niko mzunguko wa ngapi?" Akanishinda. Kizuizi cha ziro ni kwamba ukirudisha tareti inagota kwenye ziro yako haiendi chini zaidi, hata gizani, hata umechoka. Ile Viper ina kizuizi hicho na mzunguko wake ni mili 10, nyati anaingia ndani ya mzunguko mmoja. Hoja imeisha.

Bei yake mpya ilikuwa inamla bajeti yote na ringi hana. Tukaenda mtumba. Ndiyo, mtumba, sisi hatujaanza leo. Waranti ya Vortex inafuata skopu haifuati mtu, mnunuzi wa kwanza au wa tano, risiti hawakuulizi, kwahiyo mtumba wao hautishi kama mtumba wa kampuni zingine. Akampata jamaa anauza dola 650, tukamwendea, na shemeji hakuangalia lenzi kwanza. Alizungusha tareti kutoka mwanzo mpaka mwisho mara tatu akisikiliza kama pana sehemu inasita, kisha akaangalia alama za ringi kwenye bomba kama mtu alizibana kwa hasira. Mwenye mali akamuuliza wewe ni fundi? Akasema "wa nyumba." Ringi nzuri, reli ya MOA 20, spana ya kupimia mkazo na pima maji ndogo ya kufunga kwenye bomba, jumla ikatoka dola 860. Zilizobaki akaweka kwa ajili ya risasi na mafuta.

Kufunga ilituchukua jioni nzima. Skrubu za ringi zinabanwa inchi-paundi 18, hizo ni ndogo mno, mkono wa fundi bila kipimo unafika mara mbili yake bila kujua na unaliminya bomba, ndo hapo tareti nzuri inaanza kusita bila kosa lake. Kunyoosha msalaba tukarudi kwa timazi. Tukaitundika kwenye mlingoti wa taa za nyuma ya nyumba, bunduki bolti nje, imekaa sawa kwa pima maji, tukaizungusha skopu ndani ya ringi mpaka mstari wa wima ukalala juu ya uzi. Hili si urembo. Ukiinamisha bunduki digrii 3 tu, kitu ambacho jicho halioni, risasi ya yule nyati inaenda pembeni kama nusu mita.

Jaribio la ubao tukalirudia. Mili 10 kwa yadi 100 ni inchi 36. Kliki 100, msalaba ukashuka juu ya mstari bila kuuacha, ukakaa kwenye alama ya inchi 36, labda unywele juu. Kurudi, tareti ikagota kwenye kizuizi, msalaba uko palepale ulipotoka. Akafanya mara tano. Mara ya tano akagonga bomba kwa mpini wa bisibisi kama siku ile, akasubiri. Hakuna kilichosogea.

Mwezi wa kumi tukaondoka Fort Worth usiku, Amarillo, Dalhart, Clayton, Raton, kama saa tisa barabarani, na dereva ni yeye kwahiyo mi nililala. Pale pako juu, kama futi 6,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa nyepesi inaizuia risasi kidogo kuliko ya nyumbani. Programu baada ya kuingiza joto na mgandamizo wa hewa wa pale ikasema mili 9.3, sio 10.2 ya nyumbani. Tofauti ya mili 0.9 kwa umbali ule ni futi tatu. Mtu aliyekariri namba ya nyumbani angepiga juu ya mgongo wa nyati akasema skopu mbovu.

Akalala chini, akaweka zumu 16, akazungusha 9.3, akaisoma kwa sauti nikamjibu. Risasi ya kwanza ikaangukia kulia, nyuma ya nyati, upepo wa bondeni sikuuona mimi, kosa langu. Niliona vumbi kwenye mistari, nikamwambia ongeza nusu mili kushoto. Hakugusa tareti, alishika tu kwenye mistari. Akafyatua, kimya. Risasi inatumia sekunde moja na nusu na ushee kufika, kisha sauti nayo inarudi kwa miguu yake, jumla kama sekunde nne na nusu, nilikuwa nimeshaanza kufungua mdomo kusema umekosa ndipo ikaja, ting, ndogo kama kijiko kimegonga sufuria jikoni kwa jirani. Shemeji hakupiga kelele. Aliweka paji la uso chini kwenye mkeka.

Akapiga nane zaidi, sita zikaita. Kisha tukahamia yadi 100, akarudisha tareti mpaka ikagota, akapiga tatu kwenye karatasi. Zote tatu zikagusa tundu la asubuhi.

Njiani kurudi akauliza ile ya zamani amuuzie nani. Binamu yake Morogoro alikuwa anaitaka sana, anasema itie tu kwenye begi ukija Desemba. Nikamkataza, na nawakataza na nyie: skopu za bunduki zinadhibitiwa na sheria za Marekani za kusafirisha vitu nje, kwa nchi nyingi zetu zikiwemo unahitaji leseni, usije ukalala ndani kwa kitu cha dola 140. Kumuuzia mtu wa huku nako dhamiri ikamkataa. Sasa hivi ipo juu ya kabati sebuleni, watoto wanaangalizia mwezi, wanazungusha tareti wanavyotaka na mwezi wanaupata.